Kengele ya Mheshimiwa

Shemeji yangu Gervasi kila asubuhi hufagia sehemu ya uwanja isiyohitaji kufagiwa. Ni pale lilipokuwa likilala gari lake. Oili iliyodondoka imeacha weusi kwenye udongo, naye hufagia kuuzunguka taratibu, kama vile kuna mtu amelala pale na hataki kumwamsha. Mimi nimeolewa na mdogo wake, Emanuel, na nyumba zetu hapa Dongobesh zinatazamana, kwa hiyo namwona kila ninapowasha moto. Nimeshamwambia aache. Hunijibu kwamba anafagia tu, shemeji, kuna ubaya gani.

Wapita njia wanamsalimu kwa adabu zote. Wakishasogea kidogo wanaambiana kwamba huyo ndiye aliyeifungua kengele ya baba yake. Mimi nilikuwa ndani ya gari siku hiyo, na mkono wangu wa kushoto haujanyooka mpaka leo. Basi nitasimulia nilivyoona. Asiyetaka kusikia aendelee na shughuli zake.

Gervasi ni mtoto wa kwanza wa mzee Gidamis. Tangu nilipoletwa katika boma hili kama bibi harusi nilimkuta ni mtu wa kujitwika watu. Mgonjwa wa jirani, yeye ndiye anayembeba. Mtoto wa shule aliyeloa mvua, yeye ndiye anayempakia kwenye baiskeli. Mkewe Kornelia alifariki mapema bila kumwachia mtoto, naye hakuoa tena, na upendo wake wote ukahamia kwa wanetu, hasa Paskalina, binti yangu mkubwa. Alimpeleka shule kwa baiskeli mpaka mtoto akaanza kuona aibu, na hata hapo aliendelea kumfuata kwa nyuma akijifanya anakwenda dukani.

Kisha ikaja miaka ya vitunguu saumu. Bei ilipanda mpaka tukaoneana haya. Wazee waliozoea kusubiri chama cha ushirika waliona maajabu, mnunuzi anakuja na lori lake shambani na kupakia palepale. Tuliambiwa ndiyo soko huria hiyo, sasa kila kitu kitakuja. Na kweli vilikuja: nguo zilizovaliwa na wengine, friji zilizogandisha vya wengine, na magari yaliyowachosha wengine. Tulipopewa na mkoa wetu mpya wa Manyara, wakubwa nao wakaanza kupita na magari meusi yenye vioo vya giza. Gervasi alikuwa akiyatazama akiwa shambani, ameegemea jembe. Nadhani ugonjwa wake ulianzia hapo.

Wote tulimshauri anunue pikapu. Akajifunza kuendesha kwa dereva mmoja wa Mbulu, akaenda Arusha kwenye yadi ya magari ya mitumba, akarudi na gari la kifahari lililotoka Ulaya. Jeusi, refu, viti vya ngozi, na kwenye egemeo la kiti cha nyuma kifriji kidogo. Baba mkwe alipoelezwa kazi ya kile kifriji aliagiza kiwekwe maziwa mgando. Watoto waliokuwa wakicheza barabarani walidhani mbunge amekuja, wakajipanga mstari na kuimba wimbo wa shule. Kuanzia siku hiyo gari likaitwa Mheshimiwa, na likawa linazungumziwa kama mtu.

Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka, akanywa chai, akaondoka. Hapo baba mkwe akasema sasa ni zamu yake. Alipaka siagi kwenye boneti, akaomba kwa Kiiraqw, neno baada ya neno, nasi tukaitikia. Mwisho akatoa ndani ya koti lake kengele ya chuma. Ilikuwa ya dume lililoongoza ng'ombe wake zamani, kabla ya ukame kulimaliza kundi. Katika nyumba ya mzee Gidamis mnyama anayewaongoza wenzake hufungwa kengele, na anayeifunga ni mwenye boma, na haifunguliwi na mwingine. Tatizo likawa shingo ya gari ni ipi. Wazee walimzunguka Mheshimiwa wakijadiliana. Mmoja akapendekeza kioo cha pembeni, Emanuel akasema itaibiwa. Ndipo mzee akauliza gari huamshwa na nini, akaonyeshwa ufunguo.

Kwenye gari lile ufunguo haukuchomekwa karibu na usukani kama kwenye magari mengine. Ulichomekwa kwenye dashibodi, upande wa abiria, chini ya redio. Mzee akaifunga kengele pale kwenye ufunguo, kwa kamba ya ngozi na fundo lake mwenyewe. Ilikuwa nzito, ukiishika unahisi kiganja kinavutwa chini. Gervasi alilia mbele za watu, na hakuna aliyemcheka.

Mheshimiwa alibeba maharusi wa Dongobesh nzima. Alibeba wajawazito pia, na majeneza mawili matatu wakati lori la kijiji lilipokuwa bovu. Barabara zetu mnazijua, kwa hiyo kengele haikunyamaza kamwe. Macho ya baba mkwe yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, akawa hamtambui mtu mpaka amsogelee, lakini kengele aliisikia kabla sisi hatujasikia injini. Alikuwa anakaa kwenye kigoda chake, ghafla anatabasamu na kusema mwanangu amefika Bashay sasa, anakuja. Hakukosea.

Halafu Mheshimiwa akaanza kuzimika. Unakwenda vizuri, gari linaruka shimo, taa za dashibodi zinawaka zote, injini kimya, usukani unakuwa mzito, na breki ukiikanyaga ni kama umekanyaga jiwe. Ukimwasha tena anawaka kama hakuna kilichotokea. Fundi Alfredi, mwenye gereji hapa sokoni, alisema ni mafuta yaliyochakachuliwa. Akabadilisha plagi, akabadilisha pampu, akasafisha tangi. Mheshimiwa akatulia siku chache, akazimika tena akiwa na bibi harusi ndani, kwenye tambarare kwa bahati, na watu wakacheka wakasukuma.

Aliyeujua ugonjwa ni nesi Kissa. Kissa ni mtu wa Rungwe, aliletwa kwenye zahanati yetu na serikali na alipanga chumba kwetu. Ndoto yake ilikuwa kununua gari dogo, na akitoka kazini alikaa kizingitini akitazama magari kwenye simu, jambo nililomtania sana. Jumapili moja alivuka uwanja bila kujifunga kitenge vizuri, simu mkononi, akamwomba Gervasi afungue mlango wa gari. Akainama, akasoma namba ya chasisi iliyochongwa kwenye chuma, akailinganisha na za kwenye simu. Alipoinuka uso ulikuwa umembadilika.

"Mzee Gervasi," akasema, "walioliunda gari hili wanajua."

Gervasi akamuuliza wanajua nini. Kissa akamweleza polepole, akitafsiri. Swichi ya ndani, ile inayozungushwa na ufunguo, ilitengenezwa ikiwa legelege. Ufunguo ukivutwa na kitu kizito, gari likaruka, ufunguo unarudi wenyewe kwenye kuzima. Magari yote ya aina ile yalikuwa yameitwa yarudi yabadilishiwe swichi bure. Kabla ya kubadilishiwa, mwenye gari asiweke kitu chochote kwenye ufunguo. Utumike peke yake, mtupu.

"Wanajua tangu lini?"

"Kabla hujalinunua."

Gervasi alitazama ile kengele, nami nikaitazama. Mimi niliona hasira, siwezi kuficha. Gari liliweza kuvuka bahari, likapanda mlima, likafika mpaka kwenye uwanja wangu wa kuanikia mahindi. Taarifa yake, ambayo haina hata uzito, ikashindwa kufika.

Alikwenda Arusha kwenye ofisi kubwa inayouza magari ya aina ile yakiwa mapya. Tulikwenda pamoja ndani ya Mheshimiwa, mwendo wa taratibu, maana alitaka mtu wa kumshuhudia. Kijana wa mezani alitupokea vizuri sana, akatupa soda, akaingiza namba ya chasisi kwenye kompyuta, kisha akasema samahani, gari hilo kwao halipo. Gervasi akamwonyesha dirishani. Mheshimiwa alikuwa ameegeshwa hapo nje, vumbi la Mbulu bado lipo kwenye vioo. Kijana akatabasamu kwa huruma. Akasema yanayoitwa ni yale yaliyobaki katika nchi yalikouzwa, likishatoka huko halihesabiki, na swichi hizo mpya huku haziletwi. Gervasi akauliza sasa afanye nini. Kijana akasema aendeshe kwa uangalifu. Niliiacha soda yangu nusu, na mimi si mtu wa kuacha soda.

Fundi Alfredi alisema anaweza kutafuta swichi kwenye magari yaliyochakaa. Kissa akamuuliza hayo magari yaliyochakaa si ndugu wa hili, yana ugonjwa uleule? Alfredi akakuna kichwa. Ikabaki njia moja tu, ile ya kwenye simu, kuuacha ufunguo mtupu.

Hapo ndipo mtu wa mbali atatucheka. Kufungua fundo la ngozi, mtoto anaweza. Lakini Gervasi alikwenda kwa baba yake, akapiga magoti, akamwomba aifungue kengele yeye mwenyewe. Akamweleza swichi, akamweleza simu ya Kissa, akamweleza Arusha. Mzee alisikiliza yote. Kisha akajibu kwa sauti ya upole, na hilo ndilo lililoumiza.

"Kengele hufunguliwa mnyama akifa. Gari lako limekufa?"

"Hapana, Baba."

"Basi."

Gervasi akamwegesha Mheshimiwa. Maharusi wakaja wakarudi, akawaambia gari linaumwa. Alikuwa akiliwasha tu pale uwanjani ili betri isife, na kulitikisa kidogo kwa makusudi, ili baba yake asikie. Niliwahi kumkuta ameinama dirishani anaipiga kengele kwa kidole. Nikajifanya sijaona, nikapita na ndoo yangu.

Masika yalipokuja baba mkwe akashikwa na kifua. Kissa alimpima akasema hapa hapawezekani, ateremshwe hospitali kule Dareda, na leo, si kesho. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshachukua mzazi wa upande wa Haydom. Lori la kijiji liliharibika. Emanuel alikuwa mnadani Katesh na ng'ombe. Nikamwona Gervasi anatembea kuelekea kwa Mheshimiwa, anafungua mlango, anakaa ndani muda. Alipotoka, kengele ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Hakulikata lile fundo. Alilifungua kwa meno na vidole, kamba ikabaki nzima.

Tulimlaza mzee kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa nyasi na barabara inateleza. Gari lilipotembea kidogo tu mzee akafungua macho.

"Gervasi. Sisikii kengele."

Shemeji yangu hakugeuka. Aliingiza mkono mfukoni, akaipitisha kengele nyuma katikati ya viti, nami nikaipokea. Nikaiweka karibu na goti langu, na kila gari liliporuka nikaitikisa.

"Ipo, Baba," nikamwambia. "Sikiliza."

Akasikiliza. Akafumba macho akiwa ametulia kabisa. Toka Dongobesh mpaka tulipoanza kuteremka baada ya Bashanet niliipiga ile kengele, na nilijitahidi ilie kama inavyolia barabarani, maana yule mzee alikuwa anajua. Gervasi aliendesha polepole kuliko mtu anayetembea. Ufunguo ulikuwa mtupu. Niliuona kwa macho yangu, umechomekwa pale chini ya redio, hauna hata uzi.

Kwenye mteremko maji yalikuwa yamechimba mfereji kukatiza barabara. Tairi la mbele likatumbukia, gari likaruka, na taa zote za dashibodi zikawaka. Injini ikanyamaza. Nilichosikia ni matairi tu kwenye kokoto na pumzi za Gervasi. Aliukumbatia usukani kwa mikono yote miwili, alikanyaga breki mpaka akasimama juu yake, gari likazidi kwenda. Mkono wa kulia kulikuwa na bonde. Kushoto kulikuwa na ukuta wa mlima. Alichagua ukuta. Kama angekuwa na mkono wa tatu angewasha tena.

Baba mkwe alifia palepale mapajani kwangu. Mkono wangu ulikuwa umevunjika, na kengele bado ipo kwenye ule mwingine.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Nilisema kila kitu, ingawa wanawake hatuulizwi sana pale. Nilisema ufunguo ulikuwa mtupu, kwa hiyo kosa ni la gari. Mzee mmoja, mkubwa wa ukoo, alinijibu bila ukali wowote.

"Ndivyo hata sisi tunavyosema, mama Paskalina. Ulikuwa mtupu."

Gervasi alikaa chini na wenzake, akitazama ardhi, akakubali lawama yote. Kissa naye alikuja akataka kuwaonyesha simu, wakamwambia mwanetu asante, kaa unywe chai. Alirudi chumbani kwake akaanza kusoma upya, na huko mbele akakuta taarifa nyingine iliyotolewa baadaye. Walioliunda walikuwa wamejirudi. Walisema kwenye barabara mbovu hata ufunguo mtupu huweza kurudi wenyewe, na gari lisiendeshwe kabisa. Alinisomea mimi kwanza, analia, akiniomba nimwambie kama amwonyeshe Gervasi au amfiche. Nikamwambia amwonyeshe. Gervasi aliomba asomewe tena, kisha akamshukuru. Haikupita muda Kissa akapata uhamisho wa kurudi kwao, akaondoka na simu yake na ile taarifa ndani yake.

Kuanzia hapo Gervasi alikuwa na jambo moja tu duniani, kwamba Mheshimiwa asiguse barabara tena. Alitaka akatwekatwe auzwe kama chuma chakavu. Alikuwa anatafuta mtu wa kumkata. Mume wangu Emanuel akawahi kuliuza. Gervasi akiwa shambani, alikuja mtu wa Gitting, kule Hanang, mkulima wa ngano anayeitwa Yoakimu, akalitazama gari, akasema mbele patanyooshwa, akalivuta kwa trekta. Emanuel aliniambia ukoo ulitaka gari liondoke nyumbani, na limeondoka, sasa ninalalamika nini. Nilimnunia mume wangu mpaka akazoea kuninyamazia na yeye.

Gervasi alimfuata Yoakimu mpaka Gitting. Alikuta gari limenyooshwa na kupakwa rangi, linang'aa kuliko mwanzo, na tayari lina oda za harusi. Yoakimu ni mtu wa heshima, sitamsingizia. Alimpa shikamoo, akamchinjia kuku, akasikiliza habari ya swichi mwanzo hadi mwisho. Ila Gervasi hakuwa na kitu cha kumwonyesha. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya kitochi, na Kissa hayupo. Alirudi akiwa na matumaini kidogo, kwa sababu Yoakimu alimsindikiza mpaka stendi na kumwambia amemwelewa.

Na kweli alikuwa ameelewa, kwa namna yake. Baada ya muda alikuja Dongobesh na wazee wawili na ndoo ya asali. Wakakaa kwa Gervasi, wakasalimiana mpaka wakamaliza, ndipo akasema lililomleta. Amesikia kwamba gari halikutulia kwa sababu lilivuliwa baraka. Hataki kugombana na baba wa watu aliye kaburini. Anaomba apewe kengele airudishe kwenye ufunguo.

Nilikuwa namimina chai, nikamwaga. Gervasi alianza kueleza upya, uzito, swichi, ufunguo, anaonyesha kwa vidole vyake hewani, anazungusha, anaangusha. Wale wazee walimtazama kwa huruma. Mwishowe akasema kengele hana, aliizika pamoja na baba yake. Yoakimu akasema hakuna neno, ameelewa, na akamwachia asali. Kule Gehandu yupo mhunzi wa Kibarabaig anayejua kazi. Alimtengenezea kengele nyingine, nzito kuliko ile ya kwanza.

Mwaka huu Paskalina alichumbiwa na Gidion, kijana wa Katesh, mwalimu, mtoto mzuri. Upande wa mwanamume ndio huleta gari la kumchukua bibi harusi, na huchagua lile bora wanaloweza kupata. Nilipojua ni gari gani nilikwenda kwa Emanuel nikamwambia hapana. Akaniuliza nataka awaambie nini wakwe. Nikamvuta Paskalina jikoni, nikamwambia akatae yeye. Mwanangu alilia. Akasema, Mama, kule kwao tayari wanasema sisi ndio tulioifungua kengele. Nikikataa kupanda gari lenye kengele, nitaishije kule?

Siku yenyewe tulikuwa uwanjani, watu wamejaa, wanaimba, nikaisikia inakuja kutoka upande wa Bashay. Watu wakapiga vigelegele. Gervasi alikuwa amevaa suti ya harusi yake mwenyewe ya miaka hiyo, na aliposikia akasimama. Mheshimiwa aliingia akasimama palepale penye weusi, utepe mweupe kwenye boneti. Gervasi alimwendea Yoakimu, nikadhani sasa atafanya fujo, na nilitamani afanye. Hakufanya. Aliomba kitu kimoja, akae kiti cha mbele, kwa kuwa yeye ni baba mkubwa wa bibi harusi. Yoakimu alifurahi sana. Alidhani mzee amesamehe.

Mimi nilipanda basi dogo lililofuata nyuma yao. Mteremko wote nilikuwa natazama kioo cha nyuma cha Mheshimiwa. Shela ya mwanangu ilionekana, nyeupe, na mbele yake bega la Gervasi limeinama kuelekea dashibodi. Hakuegemea kiti hata mara moja. Tulipita mahali petu, pale kwenye ukuta wa mlima, mwanamke mmoja kando yangu akaanzisha wimbo mwingine, nami nilikuwa nimeng'ata kitenge.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na Paskalina. Baba yake mkubwa alinyoosha mkono mara gari lilipoondoka, akaufumbata ufunguo pamoja na kengele, akaukandamiza usirudi. Hakuachia. Kengele ikawa haitoi sauti. Yoakimu alivumilia mpaka Bashanet, kisha akasema kwa adabu, mzee, iache ilie, watu wanataka kuisikia. Gervasi akamwambia ataiacha wakifika. Gari liliruka mara nyingi, na halikuzimika. Huenda lisingezimika hata hivyo, hilo hakuna ajuaye.

Katesh, mbele ya kanisa, walishindwa kumtoa kwenye kiti. Vidole vilikuwa vimekakamaa, na vikaonekana vyekundu pale ukingo wa ufunguo ulipomkata. Paskalina alizunguka na gauni lake lote, akainama, akavifungua kimoja kimoja. Akamuuliza alikuwa ameshika nini muda wote huo.

"Nimekushika wewe," akasema.

Akatoka garini, akajifuta mkono kwenye suruali, akampeleka altareni. Tulipokuwa bado tunaimba ndani, Yoakimu aliondoka na Mheshimiwa, maana mchana ule alikuwa na bibi harusi mwingine Gitting. Niliisikia kengele inalia barabarani mpaka ikapotea. Gervasi naye aliisikia. Alikuwa amesimama kando yangu, mkono wake bado umejikunja vilevile, hauna kitu ndani.